Ukingo wa Paa na Mbeleko ya Mama



Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri moja fupi ambayo sisi wahubiri tumezoea kuiruka. Mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa auzungushie paa lake ukingo, asije mtu akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikawa na hatia ya damu. Paa za nchi ile zilikuwa bapa. Watu walipanda juu yake jioni kupunga upepo, wakaanika kitani chao, wakalala huko nyakati za joto. Tuitazame vizuri amri hiyo. Haimwambii mwenye nyumba awapende wageni wake zaidi. Haimwambii hata awe mwangalifu. Inamwambia achukue mawe na udongo, ajenge.

Leo tunataka kuusemea ukingo huo, lakini tutaanzia mahali pasipofanana na paa hata kidogo, yaani ndani ya gari lililoegeshwa nje ya kanisa.

Miaka kadhaa iliyopita, Dominika moja ya mwezi Juni, tulikuwa katika kigango kimojawapo cha Wilaya yetu ya Rungwe. Wenyeji wa Tukuyu wanaujua mwezi Juni. Asubuhi ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, Mlima Rungwe hauonekani, watu wamejitanda mashuka juu ya makoti, na kila gari linalofika limefungwa vioo vyote kwa sababu ya baridi. Baba mmoja alifika na gari lake dogo. Mkewe, ambaye ni mwanakwaya, alikuwa ametangulia kwa miguu. Dominika zote mama ndiye aliyekuja na mtoto mgongoni. Siku ile mtoto, mwenye mwaka mmoja na nusu, alikuwa na mafua, ikaonekana afadhali aje kwa gari pamoja na baba yake. Njiani akasinzia kwenye kiti cha nyuma. Baba alipofika alikuta watu wanamngoja, maana ndiye mweka hazina, na siku hiyo kulikuwa na hesabu za michango ya mabati. Akashuka, akafunga milango, akaingia kanisani na daftari lake.

Wakati wa mahubiri ukungu uliondoka, likatoka lile jua letu la baada ya manyunyu, ambalo huchoma kuliko mtu anavyolitazamia. Wakati wa matoleo mama alitupa jicho upande wa wanaume, akamwona mumewe yuko peke yake, akadhani mtoto yuko kwa bibi yake. Bibi alidhani yuko kwa baba. Naye baba hakudhani lolote: akilini mwake mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, kama Dominika zote. Ni katekista aliyetoka kuwanyamazisha watoto waliokuwa wakicheza uani, akapita kando ya gari lile, akaona mkono mdogo kwenye kioo. Mtoto hakuwa analia tena.

Tunamshukuru Mungu kwamba mtoto yule alipona. Alitolewa akiwa amelowa jasho, mwili ukiwaka, midomo imekauka. Akavuliwa sweta na kofia ya sufu, akawekwa chini ya mti, akapanguswa kwa maji huku akipepewa kwa kanga, akapelekwa hospitali, na jioni akarudi nyumbani. Sasa anasoma shule ya msingi. Kisa hiki tunakieleza kwa idhini ya wazazi wake.

Lakini liko jambo jingine la siku ile, nalo linatuhusu sisi. Baada ya Misa tulimwita baba yule sakristia, na mbele ya wazee wawili wa kanisa tukamwambia kwamba baba anayempenda mwanawe hawezi kumsahau. Alisimama ameishika kofia yake kwa mikono miwili. Hakujibu. Kwa miezi mitatu hakuonekana kanisani, na mkewe alikuja peke yake. Ndugu wasikilizaji, maneno yale hayakuwa kweli. Tuliyasema mbele ya watu wawili. Leo tunayasahihisha penye masikio mengi zaidi.

Tungalikumbuka Injili ya Luka, sura ya 2, tusingaliyasema. Maria na Yosefu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua kwamba Mtoto hayumo msafarani. Walidhani yuko pamoja na jamaa. Nani kati yetu atathubutu kusema kwamba Maria hakumpenda Mwanawe? Kilichotokea barabarani siku ile ndicho kilichotokea kigangoni kwetu: kila mmoja alidhani mtoto yuko kwa mwenzake. Naye nabii Isaya, anapouliza kama mama aweza kumsahau mtoto anyonyaye, haachi swali likijijibu lenyewe kama tunavyopenda kulisoma. Anakubali kwamba yamkini hata huyo atasahau. Mungu peke yake ndiye asiyesahau.

Wataalamu nao wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Profesa David Diamond wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, ambaye kwa miaka mingi amechunguza mikasa ya watoto waliosahauliwa ndani ya magari, anaeleza kwamba akili ya mtu ina kumbukumbu za aina mbalimbali. Iko kumbukumbu ya mazoea, inayotupeleka nyumbani bila sisi kuifikiria njia. Na iko kumbukumbu ya jambo lililokusudiwa, inayopaswa kutuambia kwamba leo si kama jana, leo tunapaswa kupitia mahali fulani kwanza. Mtu akichoka, akikosa usingizi, akiwa na mashaka, au ratiba yake ikibadilika, ile ya kwanza huishinda ya pili. Ni nani kati yetu hajawahi kuagizwa chumvi sokoni, akajikuta amefika mlangoni kwake mikono mitupu? Ubongo uliosahau chumvi ndio huohuo unaombeba mtoto. Hauna chumba cha pekee, chenye kufuli, kwa ajili ya wale tuwapendao.

Mwezi Septemba mwaka 2022, katika mji wa Makinohara nchini Japani, msichana wa miaka 3 aliachwa ndani ya basi la shule ya chekechea kwa muda wa saa tano hivi, akafa kwa joto. Dereva wa kila siku alikuwa mapumzikoni. Aliyeshika usukani ni mkuu wa shule mwenyewe, mzee wa miaka zaidi ya 70. Siku chache tu baadaye, katika mji wa Al Wakrah nchini Qatar, msichana mwingine alisinzia ndani ya basi la chekechea asubuhi ya siku aliyotimiza miaka 4, mlango ukafungwa, naye akafa vivyo hivyo. Hawa hawakusahauliwa na watu waovu. Wamo wasikilizaji wetu wenye ndugu na binti wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, wengine wakilea watoto wa watu na wengine wakiendesha magari ya aina hiyohiyo. Habari hizi si za mbali kama zinavyosikika.

Tunajua jibu la mtu wa Tukuyu: huko ni jangwani, hapa kwetu ni baridi. Jibu hilo ndilo tunaloliogopa. Mwaka 2005 Catherine McLaren na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya vipimo walivyochukua ndani ya gari lililoegeshwa juani, katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Sentigredi. Walikuta kwamba siku ya baridi kiasi na siku ya joto hazikutofautiana sana katika kupanda huko: kwa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na sehemu kubwa ya kupanda huko, asilimia 80, ilikuwa katika nusu saa ya kwanza. Kuteremsha vioo kidogo hakukusaidia kitu. Nyuzi 22 za nje si joto la jangwani. Ni mchana wa kawaida kabisa hapa Tukuyu. Ongezeni nyingine 22 juu yake. Sababu yake ni kwamba mwanga wa jua hupenya kioo, ukapasha viti na dashibodi, navyo vikaipasha hewa ambayo haina pa kutokea. Na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara 3 hadi 5 upesi kuliko wa mtu mzima. Sisi tunaishi penye baridi, kwa hiyo tunafunga vioo vyote na kumvika mtoto sufu. Mwenzetu wa Kyela, kule karibu na Ziwa Nyasa, angalau jasho humkumbusha. Mara ngapi tumeteremka kutoka huku milimani kwenda msibani Kyela, mtoto amelala, tukasema tusimwamshe, ni dakika tano tu?

Basi, turudi kwenye ukingo. Ikiwa kusahau ni udhaifu wa mwili, kama paa lisilo na ukingo lilivyo hatari hata kwa mwenye busara, hatuna budi kujenga kitu kitakachokumbuka kwa niaba yetu. Na watu wamejaribu. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, ilionekana kwamba mifuko ya hewa inayofumuka mbele ya abiria wakati wa ajali ilikuwa ikiwaua watoto, wazazi wakaelekezwa wawaweke nyuma, na wachanga wageuziwe mgongo. Agizo lilikuwa jema na liliokoa wengi. Lakini mtoto aliyelala nyuma, uso wake hauonekani na dereva, husahaulika upesi, na nchini humo watoto wapatao 37 kwa wastani hufa kila mwaka katika magari yenye joto. Zaidi ya nusu yao walisahauliwa. Karibu robo waliingia garini wenyewe wakicheza.

Mmoja wa waliofiwa hivyo alikuwa mfanyakazi wa kituo cha Langley cha shirika la anga la NASA. Wahandisi wenzake waliona uchungu, na mwaka 2002 wakatangaza kifaa walichokibuni: kihisi kwenye kiti cha mtoto, na kengele ndogo kwenye pete ya funguo za dereva. Dereva akienda mbali na gari huku mtoto angali kitini, kengele hulia mara kumi. Asiporudi kwa dakika moja, hulia mfululizo, wala hainyamazi mpaka arudi kwenye kiti kile. Kifaa hicho hakikuenea madukani. Kampuni ya General Motors ilianza mwaka 2016 kuuza magari yanayomkumbusha dereva atazame nyuma, endapo mlango wa nyuma ulifunguliwa kabla ya safari. Italia ilitunga sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika Novemba 2019, kwamba kiti cha mtoto aliye chini ya miaka 4 kiwe na kifaa cha kumkumbusha mzazi. Siku hizi yapo magari yenye rada ndogo inayotambua hata pumzi ya mtoto aliyelala chini ya blanketi.

Sisi tumeupenda zaidi ukingo wa Korea Kusini, ambako baada ya kifo cha mtoto katika gari la chekechea mwaka 2018 iliamriwa kengele iwekwe mwisho wa basi, nyuma kabisa. Dereva akizima injini, asipotembea hadi nyuma akaibonyeza, gari hupiga king'ora. Mashine ile haijui kama mtoto yumo au hayumo. Inamlazimisha mtu mzima apite kati ya viti vyote, na kutazama atatazama mwenyewe. Japani nayo, baada ya msiba wa Makinohara, imeyalazimisha mabasi ya chekechea kuwa na vifaa vya namna hiyo tangu Aprili 2023. Lakini magari tunayoletewa sisi kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam ni yale ya zamani, yaliyokwisha kuchoka huko. Yanatufikia bila ukingo.

Katika parokia yetu yuko kijana fundi redio, ambaye baada ya kisa cha kigangoni alikosa usingizi. Alitengeneza swichi, akaiweka chini ya kiti cha nyuma, akaiunganisha na king'ora kidogo cha pikipiki: mlango wa dereva ukifunguliwa huku kiti kikiwa na uzito, kilie. Tulifurahi sana. Siku ya kwanza ya majaribio gari lilipakia viazi Isongole, na king'ora kikalia kila dereva aliposhuka, hadi Tukuyu. Siku ya pili kililia kwa mkungu wa ndizi. Siku ya tatu mwenye gari alikata waya. Hapo kijana akajifunza jambo ambalo wahandisi wakubwa nao walijifunza kwa gharama kubwa: kengele inayolia bila sababu hufundisha watu kutoisikia. Akafikiri kipimajoto, kilie gari likipata joto. Lakini gari lililo juani hupata joto kila siku hata likiwa tupu. Na likiwa na mtoto, kungoja joto ni kuchelewa. Kisha akauliza swali ambalo bado linatusumbua: hata kengele ikilia kwa haki, nani atageuka? King'ora cha gari kikilia sokoni Tukuyu, sote tunaendelea kuchagua maparachichi.

Jibu lilitoka kwa mama wa mtoto yule. Alisema kwamba yeye hakuwahi kumsahau mtoto kwa sababu alikuwa amemfunga mgongoni, na mgongo unasikia uzito. Gari lilimtoa mtoto mgongoni, likamweka mahali asipohisiwa na mtu. Basi akamwagiza mumewe: ukimweka mtoto kiti cha nyuma, vaa mbeleko shingoni, na usiivue mpaka umshushe. Kijana wetu wa redio alicheka, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba hiyo ni bora kuliko yake. Haihitaji betri. Haidanganywi na viazi. Na tena hailii masikioni mwa dereva peke yake: mwanamume akiingia kanisani, au dukani, au ofisini na mbeleko shingoni, mtu wa kwanza atakayemwona atamwuliza, Baba, mtoto yuko wapi? Kengele ikawa ni sisi sote.

Hatusemi kijana aache kazi yake. Anaendelea, na sasa anajaribu kubuni kengele ya nyuma kwa mabasi madogo ya chekechea, tukimtia moyo. Wala mbeleko haimsaidii mtoto anayejiingiza mwenyewe kwenye gari bovu lililotelekezwa nyuma ya gereji. Huyo ukingo wake ni mlango uliofungwa, funguo zilizotundikwa juu, na kufundishwa tangu mdogo kwamba akikwama garini abonyeze honi asiiachie. Tunawaomba wenye gereji walichukue hilo kama neno lao.

Tunajua pia haya waliyo nayo wanaume. Baba yule alituambia kwamba Dominika ya kwanza aliyorudi kanisani aliizunguka ua mara mbili kabla ya kuingia, maana hajapata kuona mwanamume wa kwao amevaa mbeleko. Watu walicheka kwenye mabenchi ya nyuma. Mzee mmoja, mmoja wa wale wawili waliokuwa sakristia siku ile, aliinuka kwenye benchi lake, akamwuliza kwa sauti mtoto yuko wapi. Baba akageuka kumwonyesha: alikuwa nyuma yake, amemshika suruali.

Ninyi makatekista, tuna neno moja la kazi kwenu. Kuanzia Dominika ijayo, katika parokia na vigango vyetu, mmoja wenu atazunguka magari yote mara baada ya Wimbo wa Katikati, akichungulia viti vya nyuma na chini yake, iwe mvua au ukungu. Akimkuta mtoto, aite watu kwa sauti bila kuona haya kwamba Misa inaendelea. Mlango usipofunguka mara moja, avunje kioo kilicho mbali na mtoto, amtoe, amweke kivulini, ampunguzie nguo, amlowanishe kwa maji na kumpepea, na apelekwe hospitali hata kama anaonekana amepata nafuu, Makandana au Igogwe, iliyo karibu. Kioo kitalipwa na parokia.